Kabla ya kulipia chumba, ulizia bomba na LUKU

Na Mwandishi Wetu, Tabora

Jioni ya kwanza katika nyumba tuliyohamia hapa Cheyo nilinunua umeme wa Sh10,000. Hesabu hii wengi wetu tunaijua kwa kichwa: elfu kumi ni uniti 28 na kidogo. Ujumbe ulipoingia kwenye simu, uniti hazikufika hata tatu. Mtoto analia gizani, godoro bado liko mlangoni, na mimi nausoma ujumbe uleule mara ya tatu.

Asubuhi nikamfuata mama mwenye nyumba.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umelala salama? Umeme umewaka?”

Nilipomweleza alicheka, kisha akashika kichwa. Nyumba ilikuwa imefungwa miezi sita kwa ukarabati na hakuna aliyenunua umeme muda wote huo. Kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia LUKU, ilikuwa imelimbikizwa. Kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ni Sh1,500 kila mwezi tangu Julai 2023. Mara sita, Sh9,000. Mimi niliyeingia wa kwanza ndiye niliyeilipa yote kwa mkupuo. Kodi hii ni ya mwenye jengo, si ya mpangaji, naye hakubisha: alikubali kuipunguza kwenye pango la mwezi uliofuata.

Hapohapo, tukiwa tumesimama uani, akanipa masharti ya nyumba. Jiko la umeme marufuku. Pasi Jumapili tu. Bomba ni moja, lina kofuli, na ufunguo anao yeye: linafunguliwa saa moja asubuhi kwa saa moja, na saa kumi na moja jioni kwa saa moja.

Nimeitikia “sawa mama” kama wapangaji wengi wanavyoitikia. Nilikuwa nimeshalipa.

Kazi yangu ni kuandika habari za afya. Nimeandika kuhusu kuhara, homa ya matumbo na nimonia ya watoto, na kila mara nimewaambia wazazi wachemshe maji na waepuke moshi. Sikuwahi kujiuliza bili za nyumba yao zinagawanywaje. Wiki chache za kuishi kwenye nyumba ya familia nne zimenionyesha kwamba mara nyingi mambo hayo huamuliwa kwenye mita, mama akiwa bado hajaingia jikoni.

Mita moja, familia nne

Ndani ya mwezi mmoja vyumba vingine vilijaa. Tukawa familia nne kwenye mita moja ya LUKU, tunachangishana. Anayejua maisha haya anajua na ugomvi wake: nani ana friji, nani anaacha taa usiku kucha, nani kila umeme ukikatika hana hela.

Ila kuna jambo ambalo wapangaji wengi hawalijui, na ndilo linaloumiza zaidi kuliko friji ya jirani. Kwa bei zilizoanza kutumika Aprili 2016, mteja mdogo wa nyumbani anayetumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi huwekwa kundi la D1. Uniti moja ni Sh100. Ukiongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, inafika Sh122. Uniti zote 75 zinakugharimu Sh9,150. Mteja wa kawaida, kundi la T1, analipa Sh292 kwa uniti, na makato hayo yakiingia inakuwa kama Sh356. Karibu mara tatu.

Sasa chukua familia nne, kila moja inatumia uniti 30 kwa mwezi: taa, simu, redio, televisheni, feni kidogo. Hakuna mwenye anasa hapo. Lakini mita inasoma uniti 120, na mita haijui kama wanaoitumia ni familia nne au mtu mmoja mwenye kiyoyozi. Nyumba inawekwa T1. Bili ya wote ni kama Sh42,750, sawa na Sh10,690 kwa familia. Kila mmoja angekuwa na mita yake katika D1 angelipa Sh3,660.

Wengi hufunga sabmita, zile mita ndogo za kupima chumba kwa chumba. Ni nzuri kwa kumaliza ugomvi, maana kila mtu analipa alichotumia. Bei ya uniti, hata hivyo, haishuki, kwa sababu TANESCO inaiona mita kubwa tu.

Nilikaa na mama mwenye nyumba tukapiga hesabu nyingine. Mita moja ya ziada, mjini, ndani ya mita 30 bila kuhitaji nguzo, ni Sh320,960 kwa viwango vilivyoanza Januari 2022. Familia mbili zikibaki kwenye mita ya zamani na mbili zikihamia mpya, kila mita inasoma uniti 60. Zote ziko chini ya 75. Anayepanga mteja aingie kundi gani ni TANESCO, kwa kuangalia matumizi yake, lakini ikiwa zote zitaangukia D1, nyumba nzima inaokoa kama Sh28,000 kwa mwezi. Mita mpya inajilipa yenyewe ndani ya mwaka, ukiacha gharama ya fundi wa kutenganisha nyaya. Hakuna haja ya mita nne kama wengi wanavyodhani.

Maombi hufanywa kwa mfumo wa NIKONEKT kwa simu au kwenye ofisi za TANESCO, ukiwa na namba ya NIDA. Kitu kimoja cha kuangalia: jengo likiwa na mita mbili, hakikisha kodi ya jengo haikatwi kote kote. Ikikatwa, mwenye nyumba aende TRA.

Marufuku ya jiko la umeme inaishia kifuani kwa mtoto

Rudi kwenye lile sharti la kwanza. Kwa nini wenye nyumba wanakataza jiko la umeme? Kwa sababu bili ni ya kuchangia na wanaogopa ugomvi. Matokeo yake mama anapika kwa mkaa barazani, na mvua ikinyesha anaingiza jiko ndani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majikoni ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo ni vya watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto anayevuta moshi huu ana hatari ya kupata maambukizi ya mapafu inayokaribia mara mbili ya yule asiyeuvuta. Na mtoto mdogo ndiye anayekaa karibu zaidi na jiko, mgongoni kwa mama au kwenye mkeka pembeni.

Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Nawaunga mkono, ila naona mahali pa kuanzia ni masharti ya upangaji. Huwezi kumpa mama jiko la kisasa halafu mwenye nyumba akamkataza kulichomeka.

Hofu yenyewe, ukiipima, ni ndogo kuliko inavyosemwa. Kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima bila kukatika kinakula uniti moja. Jiko la presha la umeme la ukubwa huo huchukua kama saa moja kuivisha maharage, na sehemu kubwa ya muda huo limejizima lenyewe kwa kuwa limeshapata moto. Hata ungehesabu uniti nzima kwa bei ya juu, ni Sh356. Uliza mkaa wa kuivisha maharage hapo mtaani kwenu ni shilingi ngapi, kisha ulinganishe mwenyewe. Balaa ni yale majiko ya koili yanayowaka mfululizo, na birika la umeme linalochemshwa mara kumi kwa siku.

Wasiwasi mwingine wa mwenye nyumba ni wa haki: nyaya. Nyumba iliyowekwa nyaya na fundi wa kuokoteza haifai kubeba jiko. Kazi hiyo ni ya mkandarasi mwenye leseni ya EWURA. Uliza kama nyumba ina erthi, ule waya unaoingizwa ardhini, na kama ina kifaa cha kukata umeme pale mtu anapopigwa shoti. Ukigusa mlango wa friji ukahisi mtetemo mkononi, usiuzoee. Ita fundi siku hiyohiyo, hasa kama una mtoto anayetambaa.

Usiku wa Juni na Julai hapa Tabora una baridi, na kuna tabia ya kuingiza jiko la mkaa chumbani ili kupata joto. Mkaa unaofifia hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, na aliyelala hapati hata dalili hizo, haamki. Jiko lilale nje, hata kama limebaki majivu mekundu tu.

Kwa wanaotumia gesi nitasema machache. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, kwa hiyo omba upimwe dukani: mtungi wa kilo 6 uliojaa unapaswa kusoma uzito huo kuongeza kilo 6. Usimamishe wima, na ukishafunga mpira paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hushuka sakafuni, mahali mtoto anapocheza. Ukisikia harufu usiwashe wala kuzima swichi. Fungua mlango na madirisha, funga mtungi, toka nje na watoto.

Bomba lenye kofuli

Tabora ya zamani, walipoiita Kazeh, misafara ya kutoka pwani kwenda Ujiji ilituama hapa kutafuta chakula, maji na wapagazi. Siku hizi maji yenyewe ndiyo yanayosafiri. Kwa miaka mingi mji ulitegemea Bwawa la Igombe, kisha Januari 2021 ukazinduliwa mradi wa maji ya Ziwa Victoria kwa mkopo wa Benki ya Exim ya India. Maji yanasafishwa Ihelele, wilayani Misungwi, yanapita Solwa mkoani Shinyanga hadi Nzega, Igunga na hapa. Yanafika mtaani kwetu baada ya safari yote hiyo, halafu hatua kumi kutoka mlangoni yanakutana na kofuli.

Tulikuwa watu 16. Kiwango kinachotajwa na Shirika la Afya Duniani kwa mahitaji ya msingi ni lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku. Kwa lita 50 tu, nyumba yetu inahitaji lita 800 kila siku, yaani madumu 40 ya lita 20. Bomba moja, saa mbili kwa siku: kila dumu lina dakika tatu, na hakuna wa kupiga stori.

Familia isiyopata foleni hufanya mambo mawili. Kwanza inabana, na kinachobanwa mapema ni maji ya kunawa mikono baada ya choo. Pili inahifadhi, kwenye ndoo, beseni, sufuria, chochote kilichopo. Hapo ndipo maji yaliyotoka safi bombani yanapochafukia. Kikombe kinachotumbukizwa ndoo kinaingia na mkono ulioshika nepi.

Wiki ya pili mwanangu akaanza kuhara. Siwezi kuapa kwamba ni ile ndoo. Kituo cha afya walimpa ORS na zinki, na baada ya siku nne akawa anakimbia tena. Mtoto anayehara akilegea, macho yakididimia, akashindwa kunywa au ukaona damu kwenye choo chake, usisubiri kesho. Nami niliporudi nyumbani nilifanya nililopaswa kulifanya siku ya kwanza: maji ya kunywa nikayachemsha hadi yatokote sawasawa, yakapoa yakiwa yamefunikwa, nikayaweka kwenye chombo chenye mfuniko na koki, kwa hiyo hakuna mkono unaoingia. Asiye na nishati ya kuchemsha atumie vidonge vya kutibu maji kwa maelezo ya pakiti, na asubiri nusu saa kabla ya kunywa.

Kingine kwa wenye watoto wanaoanza kutembea: ndoo na pipa visikae wazi. Mtoto anayechungulia huelemewa na kichwa chake, na maji machache ya chini ya ndoo yanatosha kumzamisha. Madumu yenye mdomo mwembamba ni salama zaidi, na mbu hawapati pa kutagia.

Kuhusu pesa, uniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na madumu 50. Ukinunua maji kwa jirani au kwa mwenye mkokoteni, hata kwa Sh100 tu kwa dumu, uniti imekuwa Sh5,000. Chukua bili ya TUWASA, angalia bei ya uniti, ulinganishe. Mara nyingi kofuli la kubana bili linawapeleka wapangaji kununua maji yaleyale kwa bei ya juu nyumba ya pili.

Mambo ya siku ya kuhamia

Kabla hujashusha vitu, wewe na mwenye nyumba mwende kwenye mita ya maji, mpige picha namba zinazosomeka. Bili ya maji hufuata akaunti na haijali nani kahama, hivyo deni la aliyekutangulia linaweza kukukatia maji wewe. Omba uone bili ya mwisho na risiti yake.

Kwa LUKU, nunua umeme kidogo mbele ya mwenye nyumba, hata wa Sh2,000, uone makato. Laiti ningejua. Nyumba ikiwa imekaa muda mrefu tangu kabla ya Novemba 24, 2024, inawezekana mita yake haikufanyiwa yale maboresho ya LUKU ya mwaka ule. Ukinunua ukatumiwa makundi matatu ya tarakimu 20, ingiza yote kwa mfuatano, moja baada ya jingine. Mawili ya mwanzo ni ya kuiboresha mita na la tatu ndilo lenye umeme. Mita ikikataa, wasiliana na TANESCO.

Jihadhari na vishoka. Atakuja kijana mwenye kofia na koleo, atakwambia foleni ni ndefu ila yeye ana njia. Malipo halali ya maji au umeme yana namba ya kumbukumbu ya malipo, nayo ikiingizwa kwenye simu inaleta jina la taasisi. Ikileta jina la mtu, au ukiambiwa utume kwenye namba yake ya kawaida, usitume. Kishoka akiunganisha waya kinyemela, atakayelala kwenye nyumba hiyo ni wewe na wanao.

Usione aibu kuulizia choo. Ni cha familia ngapi, shimo likijaa nani anaita gari la majitaka, na hela ya taka inalipwa na nani? Bora liandikwe kwenye mkataba hata kwa mstari mmoja. Nyumba nyingi zina mkataba wa pango usiotaja kabisa maji wala umeme, na humo ndimo ugomvi wote unamozaliwa.

Kofuli lilivyotoka

Nilimuuliza mama mwenye nyumba kwa nini alifunga bomba. Akaniambia nyumba ikiwa tupu, bili za maji ziliendelea kuja, tena kubwa. Alidhani majirani wanaruka ukuta usiku kuchota. Akanunua kofuli. Bili hazikupungua, akaona labda kuna mwenye ufunguo mwingine.

Nikamwomba tujaribu kitu. Usiku saa nne, kila mtu akiwa amemaliza shughuli, tulipiga picha mita ya maji. Saa kumi na moja alfajiri, bomba halijafunguliwa, tukapiga tena. Namba zilikuwa zimesogea.

Fundi bomba alichimba kufuata mstari kutoka kwenye mita. Karibu na mahali pa kufulia, palipokuwa na majani mabichi hata kiangazi, kipande cha bomba kilikuwa kimepasuka chini ya udongo. Uvujaji uliopita mita ni mzigo wa mteja, kwa hiyo alikuwa akiulipia miezi yote hiyo. Kazi ya fundi ilimaliza nusu siku.

Bili iliyofuata ilishuka hata tukiwa watu 16. Kofuli lipo, limening'inia kwenye msumari wa mlango wake. Kila Jumapili jioni mmoja wetu anapiga picha mita mbili, ya maji na ya umeme, anaituma kwenye kundi la simu la nyumba, na tunagawana kwa idadi ya watu. Mita ya pili ya LUKU tumeiombea, tunasubiri kupimiwa. Jiko la presha nimelinunua na liko chini ya kitanda, kwa sababu sharti lile bado halijafutwa. Mama mwenye nyumba amesema ataamua mita ikishafungwa.